Bure ya Mtandao: Nani Anayelipa?

Muhadhara uliotolewa mbele ya Waislamu wa Didia, Shinyanga, baada ya Swala ya Ijumaa



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe wote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, mama zetu, na ndugu zetu katika imani. Mada yetu ya leo ni ushirika wa makampuni ya simu na makampuni ya programu za intaneti, ushirika ambao umeifanya simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja wetu iwe soko, benki, barua na redio kwa wakati mmoja. Huenda akatokea ndugu akajiuliza: je, hili nalo ni jambo la kuzungumzwa msikitini? Si mambo ya dunia haya?

Tunamkumbusha ndugu huyo kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Swala, wala Saumu, wala Hija. Inazungumzia deni: liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Dini ambayo aya yake ndefu kabisa inahusu mkataba wa watu wawili haiwezi kunyamaza mbele ya mikataba ambayo Waislamu wanaifunga kwa kidole, mara nyingi kwa siku moja, bila kuisoma hata mstari mmoja.

Ushirika huu ni wa namna gani?

Kampuni ya simu ina minara, ina masafa iliyopewa leseni na serikali, na ina wateja wenye laini. Kampuni ya programu haina mnara hata mmoja hapa Didia, wala Tinde, wala Kahama. Ilicho nacho ni programu, na programu haina thamani ikikosa watu wa kuitumia. Kwa hiyo mmoja ana njia, na mwingine ana duka. Mwenye duka anamwendea mwenye njia, wanapatana, kisha wote wawili wanatujia sisi na kutuambia: karibuni, ni bure.

Mfano ulio karibu nasi ulitokea mwaka 2014. Mapema mwaka huo kampuni ya Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas, ilishirikiana na kampuni ya Facebook ya Marekani kuwapa Watanzania Facebook ya Kiswahili bila malipo. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo, makampuni hayo mawili yakaleta nchini huduma iliyoitwa Internet.org, ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la Free Basics. Zambia ilikuwa imetangulia mwezi Julai kupitia Airtel, na Kenya ikafuata mwezi Novemba, nayo kupitia Airtel.

Ni vizuri tufahamu lilivyofanyika, kwani asiyeijua biashara hawezi kuitolea hukumu. Kwa kawaida kila unachokifungua kwenye intaneti huhesabiwa na mashine za kampuni ya simu, na kifurushi chako hupungua kwa kadiri ile. Katika ushirika ule, kampuni ya simu ilikubali kutozihesabu kurasa fulani zilizochaguliwa: Facebook yenyewe, kurasa za habari, za hali ya hewa, za afya ya mama na mtoto, na za matangazo ya kazi. Ukiwa ndani ya kurasa hizo, kifurushi chako hakiguswi. Ukibonyeza kitu kilicho nje yake, unaambiwa: nunua kifurushi kwanza. Na mawasiliano ya kurasa zile yalipitishwa kwenye mashine za Facebook kabla ya kumfikia msomaji.

Hivyo basi, pale ambapo kijana wetu aliona pande mbili, yeye na simu yake, kwa hakika zilikuwepo pande tatu: mwenye njia, mwenye duka, na yeye. Wawili kati ya hao watatu walikaa, wakaandikiana, wakatia saini kila mmoja akijua anatoa nini na anapata nini. Wa tatu hakuwepo kikaoni.

Tuseme haki kwanza

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Kwa hiyo hatutasema kwamba kila ushirika wa namna hii ni ubaya. Kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba asili ya vitu na ya miamala ni uhalali, mpaka ipatikane dalili ya kukataza.

Tuchukue mfano wa kutuma fedha kwa simu. Huduma ya M-Pesa ni mtoto wa ushirika kama huo huo: programu yake ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya kampuni ya Vodafone, ikaanza kutumika Kenya mwezi Machi 2007 kupitia Safaricom, ikaingia Tanzania mwezi Aprili 2008 kupitia Vodacom. Wazee mliopo hapa mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Kijana aliyekuwa akichimba dhahabu Nyarugusu au Mgusu, akitaka kumtumia mama yake fedha ya kununulia mahindi, alilazimika kuiweka kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi, au kumngoja mtu wa kwao anayerudi. Ngapi zilifika, na ngapi zilipotelea njiani! Leo fedha hiyo inamfikia mama kabla kijana hajarudi kwenye duara lake.

Sisi tunasema kuwa kutuma fedha kwa njia hii, kwa asili yake, ni uwakala kwa ujira, na ni halali. Kwa nini? Kwa sababu ada inajulikana kabla hujabonyeza, huduma inajulikana, na kila upande unajua umetoa nini na umepata nini. Tuishike mizani hii mkononi, kwani tutapimia nayo yote yatakayofuata: je, bei inajulikana? Na je, anayetoa anajua anachokitoa?

Mfano wa marudio

Sasa tuipime bure. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo kitu kinachouzwa, au bei yake, au mwisho wake, umefichika. Hadithi hiyo imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Wanazuoni wakaitolea mifano ya zama zao: samaki aliyeko majini, ndege aliyeko hewani, mtoto wa mnyama aliyeko tumboni. Sisi watu wa ukanda huu wa dhahabu tuna mfano wetu.

Mchimbaji mdogo huyatoa mawe kwenye duara, huyasaga kwenye karasha, huuosha ule unga na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki, ambao wachimbaji wanauita marudio, yeye anauona kuwa ni uchafu uliokwisha kazi. Akija mtu akampa fedha kidogo auchukue, hufurahi, tena humshukuru kwa kumsafishia uwanja. Lakini yule mnunuzi ana matangi na ana dawa ya kuyeyushia dhahabu ambayo zebaki haikuweza kuikamata. Anajua kilichomo ndani ya mchanga ule, na muuzaji hajui. Mara nyingi aliyetajirika kwa mawe ya duara lile si aliyeshuka chini kuyachimba. Ni aliyeyanunua marudio.

Ndugu zetu, mambo yetu ya kila siku ndani ya simu ni marudio yetu. Nimezungumza na nani, saa ngapi, niko wapi, nimeangalia nini na nikasimama hapo kwa muda gani, nimeumwa nini nikauliza dawa gani, nimekasirishwa na habari ipi. Sisi tunaviona vitu hivi kuwa vumbi. Mwenye programu anazo mashine za kulikusanya vumbi hilo na kutoa humo dhahabu. Kampuni ya Facebook, ambayo tangu 2021 inaitwa Meta, hupata karibu mapato yake yote kutokana na matangazo ya biashara. Na mwenye kutangaza halipii ukuta wa kubandika tangazo. Analipia macho ya mtu fulani anayejulikana mambo yake.

Wala hatusemi haya kwa dhana tu. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 zilikuwa zimeingia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, iliyofanya kazi za kampeni za siasa, na watu hao hawakuwa na habari. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 kwa makosa ya faragha. Na huko India, mwezi Februari 2016, mamlaka ya mawasiliano ilipiga marufuku makampuni ya simu kutoza bei tofauti kwa kutegemea mteja anafungua nini, na Free Basics ikaondoka nchini humo. Hoja ya waliopinga ilikuwa nyepesi kueleweka: mwenye njia asiruhusiwe kuchagua duka ambalo masikini watalifikia na duka ambalo hawatalifikia. Wale si Waislamu kwa wingi wao, nao waliuliza swali hili. Je, sisi ambao Mtume wetu alikataza gharar karne kumi na nne zilizopita, tumeuliza?

Ni nani maghbuni?

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) Hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia, kwamba kuna neema mbili ambazo watu wengi wamepata hasara ndani yake: afya na faragha, yaani wakati usio na shughuli. Lakini tafsiri hii ya Kiswahili, kupata hasara, imelificha jambo. Neno la Kiarabu alilolitumia Mtume (s.a.w.) ni maghbuun. Hilo ni neno la sokoni. Linatokana na ghabn, nayo ni kupunjwa katika biashara: kununua kwa zaidi ya thamani, au kuuza kwa chini ya thamani, na mwenyewe asijue. Mtume hakusema kwamba watu hao wameibiwa. Wameuza wao wenyewe, kwa ridhaa yao, lakini wameuza rahisi. Na kutokana na shina hilo hilo ndipo likapatikana jina la Suratut Taghabun, kwani siku hiyo kila mtu atajua aliuza nini na alipata nini.

Tazameni jinsi Hadithi hii inavyotuhusu. Kijana anaamka na simu kabla hajaamka na dua. Anasema: nipo bure, na mtandao ni bure. Anafungua dakika moja, anakuja kuinuka jua limepanda. Programu imetengenezwa isiwe na mwisho wa ukurasa, ili asipate mahali pa kusimama, kwa kuwa kila anavyokaa ndivyo matangazo yanavyopita mbele yake. Amelipa. Amelipa kwa saa mbili za umri wake, na hakuna benki ya kurudisha saa. Mwanafunzi wa madrasa aliyekuwa akihifadhi nusu ukurasa kwa siku, sasa anahifadhi mistari miwili, na anatuambia kwamba akili yake imechoka. Haikuchoka. Imeuzwa.

Kuchungulia nyumba za watu

Jambo lingine ni idhini. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.) kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), na Mtume akamkemea kwa ukali mkubwa, akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Yule mtu hakuiba kitu. Alitazama tu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana.

Simu ya leo ni nyumba. Ndani yake mna picha za watoto wetu, sauti za wake zetu, namba za wazee wetu, na madeni yetu. Programu ikiingia humo huomba ruhusa, ni kweli: inauliza, na sisi tunabonyeza Nakubali. Lakini ridhaa ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika aya ya 29 ya Suratun Nisaa, alipokataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana, ni ridhaa ya mwenye kujua. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kurasa kwa kurasa, akapewa mkulima wa mpunga anayesoma Kiswahili tu, hayamfanyi awe ameridhia. Na mbaya zaidi, hata huyo akiridhia, anaridhia nyumba yake. Je, ana haki ya kuzifungulia mlango namba za ndugu zake 300 zilizomo ndani ya simu? Hiyo ni amana ya watu.

Tuwasimulieni lililotufika. Usiku mmoja baada ya Isha, simu za waumini kadhaa hapa ziliingia ujumbe wa namna moja, kwamba kijana fulani, jina lake likatajwa, ni tapeli na mwizi na ajulikane. Kijana huyo tunamfahamu, alisoma kwetu. Alikuwa machimboni, duara likakosa mali, mtoto wake akaugua. Akapakua programu ya mikopo, akabonyeza Nakubali, akakopa shilingi 50,000. Zilimfikia pungufu kwa kuwa ada ilikatwa mwanzoni, na baada ya siku chache akadaiwa zote pamoja na ziada. Alipochelewa, wale wenye programu wakaifungua orodha ya namba zake wakaanza kumfedhehesha, mpaka kwa mwalimu wake, mpaka kwa mkwewe. Hakuonekana msikitini kwa wiki nyingi.

Na si yeye peke yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni, na ikauonya umma kujiepusha nazo.

Juu ya fedheha ile kuna dhambi iliyo kubwa zaidi, nayo ni riba. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika, na mashahidi wake wawili, na akawaweka wote katika hali moja. Leseni ya serikali huondoa utapeli, lakini haiigeuzi riba kuwa halali. Kila mkopo uliowekewa sharti la ziada kwa mkopeshaji ni riba, awe mkopeshaji ni mtu, ni benki, au ni mashine.

Lakini ndugu zetu, tulipomwendea kijana yule nyumbani kwake na kumwambia kwamba amekosea kukopa kwa riba, alitujibu kwa adabu: Ustadh, ningekopa kwa nani?

Hatukuwa na jibu. Msikiti huu hutoa sadaka mtu akifa, na hutoa mchango mtu akioa. Aliye hai, mwenye mtoto mgonjwa, na anayeona haya kuomba, hatukumwekea mlango. Ile programu ilimwekea. Tusiilaumu mashine kwa kusimama mahali ambapo sisi tuliondoka.

Maswali mawili tunayoulizwa

Swali la kwanza ni la gawio linaloingia kwenye akaunti za fedha za simu. Mwaka 2014 Tigo ilitangaza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa zaidi ya shilingi bilioni 14. Fedha za wateja huwekwa katika akaunti za dhamana benki, na zile zilikuwa faida iliyopatikana huko. Kuweka na kutuma fedha hakuna tatizo, kama tulivyosema. Ama faida itokayo benki za riba, rai ya wanazuoni wengi wa zama zetu ni kwamba Muislamu asiile. Aitoe katika maslahi ya watu, kama masikini au choo cha umma, bila kunuia thawabu za sadaka, kwa sababu Mwenyezi Mungu ni mzuri na hapokei ila kizuri. Na ifahamike kwamba njia ya halali inawezekana: Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Sharia, ilianza kazi mwaka 2011.

Swali la pili ni la salio la kukopa, unapopewa muda wa maongezi sasa na kukatwa zaidi baadaye. Wapo wanazuoni wanaosema hiyo ni huduma iliyouzwa kwa bei ya baadaye, na bei ya baadaye inaweza kuzidi ya taslimu. Wapo wanaosema ni mkopo wenye ziada, maana salio lile huhesabiwa kwa shilingi. Sisi hatumhukumu aliyeshika rai ya kwanza, lakini tunanasihi kujiepusha, kwani aliyejiepusha na yenye utata ameisalimisha dini yake.

Tufanye nini?

Kuna makundi mawili yaliyokosea. Moja linasema: tuzitupe simu, ni fitina ya makafiri. Hilo haliwezekani, wala si katika uongofu wa Mtume (s.a.w.), ambaye katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Muislamu, awe kiongozi wa njia, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi ile. La pili linasema: kila kipya ni maendeleo, tubonyeze tu. Hilo ni kundi la maghbuni. Haki iko katikati, nayo ni kuitumia njia ya mtu mwingine huku ukijua ujira ni kiasi gani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, msikiti uanzishe mfuko wa mkopo mwema, hata kama ni kwa kuanzia kidogo. Uandikwe kama ilivyoamrishwa katika ile aya ya 282, uwe na mashahidi, usiwe na ziada hata ya shilingi moja, na siri ya mkopaji ihifadhiwe. Mwenye kushindwa kulipa apewe muda mpaka afarijike, kama ilivyo katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo.

Pili, kila jioni ya Alhamisi madrasa itatenga muda wa kuwaelekeza wazee na mama zetu kuziangalia simu zao: programu ipi imeruhusiwa kusoma namba, ipi inajua mtu alipo, ipi inasikiliza, na jinsi ya kuifunga ruhusa hiyo. Vijana mnaojua mje mtusaidie, na hiyo ni sadaka ya elimu.

Tatu, tuzijue haki zetu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia na kupokea malalamiko. Kudai haki yako kwa sheria si ugomvi.

Nne, wenye elimu waingie humo dukani na bidhaa njema. Tafsiri ya Qur'an, masomo ya mirathi, hukumu za biashara ya dhahabu, vyote viwepo kwa Kiswahili fasaha. Tukiliacha duka bila bidhaa yetu, tusishangae watoto wetu wakila walichokikuta.

Ndugu zetu, hayo ndiyo tuliyotaka kukumbushana. Kesho kutwa yatakuja makubaliano mengine ya makampuni mengine, kwa jina jingine, nayo yatakuja na neno lile lile, bure. Utakapoisikia, usiseme haramu na usiseme halali. Uliza kwanza: mimi hapa ninatoa nini? Kwani katika Suratul Israa, aya ya 36, tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na atakayeulizwa ni mimi na wewe. Kampuni haitasimama mahali petu.

Ama yule kijana wetu, yupo leo katika safu. Deni lake limelipwa na ndugu watatu ambao hawataki watajwe. Tunamwomba radhi mbele yenu kwa kuchelewa kwetu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako. Zibariki nyakati zetu, zisitiri nyumba zetu, na utujaalie tusiwe miongoni mwa watakaopunjika Siku ya Taghabun. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.